Kwanza Ondoa Maji, Ndipo Upake Chokaa

Ndugu msomaji, tazama kuta za chumba unacholala. Tazama nyuma ya kitanda, nyuma ya sanduku la nguo, na pembeni karibu na dari. Je, kuna madoa meusi au ya kijani? Je, unasikia harufu kama ya nguo zilizowekwa mbichi? Hiyo ni kuvu. Wengine huiita ukungu.

Katika milima ya Kivu mvua hunyesha tangu Septemba mpaka Mei. Noeli inapokaribia, au arusi, au mtoto anapongojewa, watu hununua chokaa wakafunika madoa. Siku ya sikukuu chumba kinang'aa. Kabla ya Pasaka madoa yamerudi. Fedha imepotea, na mtoto angali akikohoa. Basi tujifunze kazi hii kwa utaratibu wake.

1. KUVU NI NINI?

Kuvu ni kitu chenye uhai, jamaa ya uyoga. Mbegu zake ni ndogo sana hata macho hayazioni, nazo zimo hewani kila mahali, hata katika nyumba iliyofagiwa vizuri. Huwezi kuzimaliza. Lakini mbegu hizo haziwezi kuota pasipo maji. Zikipata ukuta mbichi, huota kwa siku chache tu, zikila mti, karatasi, vumbi, na majani yaliyochanganywa na udongo wa ukuta.

Kwa hiyo madoa haya si uchawi wa jirani, wala si laana juu ya nyumba. Ni maji. Usimtafute mtu, tafuta maji yanapoingia.

2. INADHURU NAMNA GANI?

Mbegu za kuvu huingia puani na kifuani pamoja na pumzi. Watu wengine hupiga chafya, macho yakawasha. Mwenye pumu hubanwa kifua usiku. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu kizima juu ya nyumba zenye unyevu na kuvu, likaonya kwamba wakaaji wake hupata kikohozi na pumu kuliko wengine. Mtoto mwenye pumu hupewa dawa hospitalini, akapata nafuu, kisha akarudishwa kulala kando ya ukuta uleule. Dawa yake itamsaidiaje?

Lakini angalia: usidhani kila kikohozi kimetoka ukutani. Mtu akikohoa majuma 2 au zaidi, aje apimwe makohozi, maana huenda ni kifua kikuu. Na mtoto anayepumua mbio, au ambaye mbavu zake zinaingia ndani apumuapo, aletwe hospitalini siku ileile.

3. MAJI YANATOKA WAPI?

Yana njia tatu.

Njia ya juu: bati limetoboka, au msumari umelegea. Doa huanza karibu na dari na kushuka.

Njia ya chini: maji ya mvua yanasimama kando ya msingi, na ukuta unayanywa kama kitambaa kinywavyo maji ya beseni. Doa huanza sakafuni na kupanda.

Njia ya ndani: pumzi za watu wengi waliolala, mvuke wa chungu, na nguo mbichi zilizoanikwa chumbani. Usiku ukuta ukipoa, mvuke huo hugeuka kuwa matone juu yake. Doa huonekana pembeni na nyuma ya vitu, mahali hewa isipopita.

Kama huna hakika, chukua kipande cha nailoni, ukikaze juu ya ukuta kingo zake zote, ukiache siku moja. Maji yakiwa upande wa ukutani, yametoka ndani ya ukuta. Yakiwa upande wa chumbani, yametoka hewani.

4. KUSAFISHA

Kwanza ziba bati, au chimba mfereji. Usianze kusugua kabla ya hayo. Kisha fanya hivi:

Toa vitu vyote nje, uvianike juani. Watoto na mwenye pumu wasiwepo. Fungua mlango na madirisha. Funika pua na mdomo kwa kitambaa, na uvae glavu kama unazo.

Usisugue kuvu ikiwa kavu, maana mbegu zake zitaruka chumba kizima. Ilowanishe kwanza. Ukuta wa simenti usugue kwa brosi, maji na sabuni, halafu uufute. Ukitaka kutumia javeli, weka kikombe 1 katika vikombe 15 vya maji. Usichanganye javeli na siki, wala na dawa nyingine ya kusafishia, kwa sababu hutoa hewa ya sumu.

Ukuta wa udongo ni shauri lingine. Kuvu imeingia ndani, na javeli haiifikii. Kwangua udongo ulioharibika mpaka uufikie ulio mzima, ukautupe mbali, kisha ukandike upya. Shauri hili si geni. Soma Walawi 14, tangu mstari wa 33. Kuhani aliagiza nyumba itolewe vitu na kufungwa siku 7. Pigo likienea, mawe yake yaliondolewa, kuta zikakwanguliwa, na udongo wake ukatupwa nje ya mji. Ndipo nyumba ilipopakwa udongo mpya. Waliondoa kwanza, wakapaka baadaye.

5. KUKAUSHA NA KUPAKA

Chokaa iliyopakwa juu ya ukuta mbichi hubanduka. Acha ukuta ukauke kabisa, hata kama ni majuma kadhaa. Miezi iliyo bora ni Juni, Julai na Agosti. Afadhali sikukuu ikukute na ukuta mkavu usio na rangi kuliko ukuta mweupe wenye maji ndani.

Usikaushe chumba kwa mbabula ya makala huku mlango umefungwa. Makala hutoa sumu isiyo na harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini.

Chokaa ni nzuri, kwa maana kuvu haiipendi. Lakini huchoma macho. Unapoichanganya, tia chokaa ndani ya maji, usimwage maji juu ya chokaa, na watoto wakae mbali. Ikiingia jichoni, osha mara moja kwa maji safi mengi, kisha uje hospitalini.

6. KUZUIA ISIRUDI

Fungua madirisha kila siku, hata kama kuna baridi. Sogeza kitanda na sanduku mbali kidogo na ukuta. Anika nguo nje au barazani. Pika nje ya chumba cha kulala. Safisha mfereji kabla ya mvua za Septemba. Kitu kikilowana, kikaushe kabla siku 2 hazijapita.

Wala usiegemeze gunia la mahindi au karanga ukutani. Liweke juu ya mbao. Chakula kilichoota kuvu chaweza kuwa na sumu inayoharibu ini, na kuosha au kupika hakuiondoi.

MAULIZO

1. Kwa nini chokaa peke yake haiponyi ukuta?
2. Doa linalopanda toka sakafuni linaonyesha nini?
3. Kwa nini tunalowanisha kuvu kabla ya kuisugua?
4. Ni mgonjwa gani anayepaswa kuletwa hospitalini siku ileile?

Kazi ya juma hili: mvua ikinyesha, toka nje uizunguke nyumba yako. Tazama maji yanaposimama. Hapo ndipo kazi yako inapoanza.