Ukimya wa Mashine Si Ushahidi

Kompyuta za ofisi huweza kutengeneza nakala za akiba zenyewe kila usiku. Je, nani huthibitisha kwamba zimetengenezwa? Mnamo tarehe 31 Januari, 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab alifuta kwa bahati mbaya hifadhidata kuu. Nakala za kila siku hazikuwapo, kwani programu ya kuzitengeneza haikulingana na toleo la hifadhidata; na barua pepe za kuarifu hitilafu zilikuwa zikikataliwa. Iliyowaokoa ni nakala iliyochukuliwa kwa mkono takriban saa sita kabla ya ajali.

Basi, kila kompyuta na itume taarifa ya kufaulu. Taarifa isipofika, msimamizi achunguze. Aidha, kila mwezi faili kadhaa zirejeshwe, zifunguliwe na kusomwa.