Kadi ya Zawadi ya "Bure": Nani Anailipia?



Wapendwa vijana, somo letu la leo linatoka kwenye simu zetu. Kuna ujumbe unaozunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp, na magrupu yetu ya VIWAWA na TYCS hayajapona. Unasema hivi: jibu maswali matano, upate kadi ya zawadi ya Google Play ya dola 50. Au ya Amazon. Au ya kununulia almasi za Free Fire. Chini kuna linki, na ukishajibu maswali unaambiwa utume kwa marafiki 15 ndipo zawadi ifunguke. Ujumbe wenyewe umetoka kwa mtu tunayemwamini, mwanakwaya mwenzetu au binamu, na ndiyo maana tunaufungua.

Swali ninaloulizwa na vijana ni, "Frateri, hii ni ya kweli au matapeli?" Ni swali zuri na tutalijibu. Lakini nyuma yake kuna swali lingine, na ukilijibu hilo kwanza, la mbele linakuwa jepesi: kama mimi napata bure, nani analipa?

Tufikiri kidogo kama wanafalsafa, msiogope, si kwa muda mrefu. Kitu kinaweza kunifikia bila mimi kutoa hela kwa njia tatu. Kinaweza kuwa zawadi: mtu ananipa kwa sababu ananitakia mema. Kinaweza kuwa ujira: sikutoa hela, lakini nimetoa kazi, muda au maarifa, na mtu analipia hicho. Na kinaweza kuwa chambo. Chambo kwa nje kinafanana na zawadi kabisa, samaki naye anaona kapewa chakula. Ila mvuvi wa Kigamboni hajamrushia samaki dagaa kwa upendo.

Hata neema ya Mungu, ambayo ndiyo zawadi kamili kuliko zote, haikosi mlipaji. Nabii Isaya anawaalika wasio na fedha waje wanunue na kula (Isa 55:1), na sisi Wakristo tunajua gharama ya mwaliko ule ilikwenda kulipwa wapi: pale Kalvari. Kwetu ni bure kwa sababu kuna mwingine aliyejitoa, tena tunamjua kwa jina. Kwa hiyo unapoambiwa kitu ni bure, una haki ya kuuliza ni nani anayejitoa na kwa nini. Kuuliza hivyo si kukosa imani.

Sasa twende kwenye zile kadi.

Zipo njia halali, na kwa sehemu kubwa zipo kwenye kundi la pili: ni ujira mdogo. Kampuni inataka kujua watu wanaonaje bidhaa yake, inailipa kampuni ya utafiti, nayo inakulipa wewe kidogo ujaze dodoso. Google Opinion Rewards inafanya hivyo, na mwenye simu ya Android hupata salio la kutumia Google Play. Microsoft Rewards inatoa pointi kwa wanaotafuta vitu kwa kutumia Bing, na pointi zinabadilishwa kuwa kadi. Swagbucks nayo ina madodoso, matangazo na manunuzi. Zote hizo hazikudai kiingilio, na zote hazijafunguliwa kwa kila nchi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kijana aliyepo Mbeya au Kakamega ni kusoma kama nchi yake imo kwenye orodha. Jambo la pili ni kwamba kadi zenyewe nyingi zina mipaka ya nchi. Kadi ya Amazon ya Marekani haifanyi kazi kwenye duka lao la Uingereza, na kadi ya Google Play lazima ilingane na nchi ya akaunti yako. Wengi wanakesha wiki tatu, halafu wanapata namba ambayo hawawezi kuitumia.

Tupige hesabu pia. Tuchukue mfano dodoso linalolipa senti 50 za dola na linachukua dakika 20. Kwa saa nzima umepata dola moja na nusu, kama hujakataliwa katikati (na kukataliwa ni kawaida: unajibu dakika tano, unaambiwa hustahili). Kadi ya dola 10 ni karibu saa saba za kukodolea kioo macho, na bando ni lako. Sisemi ni dhambi. Mtume Paulo alishona mahema Korintho (Mdo 18:3) na hakuna aliyemcheka. Nasema iite kwa jina lake. Ni kibarua, na kibarua kinapimwa: kinanilipa kiasi gani, kinanila muda gani, na muda huo ningeufanyia nini kingine? Kijana anayejifunza kushona, kutengeneza simu au kuandika programu kwa saa saba hizo anabaki na kitu mkononi baada ya kadi kuisha.

Hapa kuna jambo ambalo tunalipita haraka mno. Nchi ikiwa haimo kwenye orodha, ushauri wa mtaani ni kuwasha VPN, kujisajili kama mkazi wa Texas, na kujibu madodoso kama mama wa watoto watatu mwenye nyumba na magari mawili. Wewe upo Tandika, una miaka 20, na gari lako ni daladala. Tunacheka, lakini tuangalie tunachofanya. Mtafiti analipa ili apate ukweli, sisi tunamuuzia uongo. Amri ya nane na ya saba zinaguswa kwa mpigo mmoja. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, anapozungumzia udanganyifu katika kununua na kuuza (Summa Theologiae, II-II, swali la 77), hafanyi ubaguzi kwamba ukimdanganya tajiri wa mbali si kitu. Na mara nyingi akaunti hizo hufungwa siku ile ya kuomba malipo, kwa sababu ndipo wanapokagua. Ukifungiwa hapo, kwa kweli huwezi kulalamika kwamba umedhulumiwa.

Sasa chambo chenyewe. Kinachosambaa zaidi ni zile kurasa zinazodai "kutengeneza" namba za kadi: unachagua Steam au iTunes, mistari inazunguka, namba inatokea nusu, halafu unaambiwa uthibitishe kwamba wewe ni binadamu kwa kupakua programu mbili au kuingiza namba ya simu. Namba ya kadi haiwi na thamani mpaka kadi iuzwe na kampuni iliyoitoa iiwashe kwenye kumbukumbu zake. Ukurasa wa pembeni hauwezi kuiwasha. Anachopata mwenye ukurasa ni kamisheni kwa kila programu unayopakua, au namba yako kuunganishwa na huduma inayokata salio kila siku bila wewe kujua. Pale ndipo jibu la "nani analipa" linapotokea: ni wewe.

Lakini tukubali kwa hoja tu kwamba mashine ile inafanya kazi kweli. Imetoa namba sahihi, ina dola 50 ndani. Hela hiyo ni ya nani? Ama ya kampuni, ama ya mtu aliyeinunua dukani kumpa mwanawe siku ya Komunyo ya Kwanza. Basi mwenye kutamani kadi ya namna hii ana mawili: ama anaibiwa, ama anaiba. Njia ya tatu haipo. Ndiyo maana swali la "ni ya kweli au matapeli" halitoshi kwa Mkristo, maana hata ikiwa ya kweli bado haifai.

Chambo kingine ni kile cha kulipa ili ulipwe. Watanzania tunakumbuka LBL ya mwanzoni mwa 2025: watu waliweka fedha kwa viwango, wakaahidiwa malipo ya kila siku kwa kutazama matangazo ya filamu kwenye simu, na ziada kwa kila waliyemleta. Iliishia kwa polisi kukamata watu katika mikoa kadhaa na fedha za wengi kupotea. Wazazi wetu wanaikumbuka DECI, iliyosimamishwa 2009 na viongozi wake kufikishwa mahakamani. Ile ilienea sana miongoni mwa waumini, na lugha yake ilikuwa ya kibiblia kabisa: unapanda mbegu, unavuna. Teknolojia ni tofauti, injini ni ileile. Anayeingia leo analipwa kwa fedha ya atakayeingia kesho, na wa mwisho hana wa kumlipa. Huu si mchezo wa upatu wa mama zetu, ambapo watu kumi wanajuana, kila mmoja anajua anatoa kiasi gani na zamu yake ni lini.

Naomba tukae hapa kidogo, maana hapa ndipo penye jeraha. Katika mifumo hii, wewe unayesambaza linki hutoi hela yako. Unatoa uaminifu wako. Dada wa jumuiya asingefungua ujumbe wa mtu asiyemjua, amefungua kwa sababu umetoka kwa kiongozi wa vijana. Tapeli hana uaminifu, kwa hiyo anaazima wa kwako, na wewe unalipwa pointi kwa kumwazima. Kutapeliwa si dhambi. Aliyetapeliwa ametendewa dhambi, na tuache kumsimanga, maana aibu ndiyo inayofanya watu wanyamaze na tapeli aende kwa mwingine. Lakini kusambaza linki huku moyoni una mashaka, kwa kuwa zimebaki "watu watatu tu," hilo ni suala la dhamiri. Katekisimu inafundisha kwamba haki iliyovunjwa inadai kurudisha kilichochukuliwa (KKK 2412). Zakayo alielewa hivyo bila kuelezwa sana: aliahidi kurudisha mara nne (Lk 19:8).

Kuna upande mwingine wa kadi hizi ambao vijana wa parokia mnapaswa kuujua. Matapeli wanazipenda hata kama njia ya kulipwa, kwa sababu ukishamtajia mtu namba za nyuma ya kadi, fedha imeondoka na ni vigumu mno kuirudisha. Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliripoti kwamba mwaka 2023 watu walipoteza zaidi ya dola milioni 200 kwa njia hiyo. Mwaka 2019 tume hiyohiyo ilionya kuhusu barua pepe zinazojifanya zimetoka kwa padre au mchungaji, zikimwomba muumini anunue kadi za zawadi na kutuma namba. Jamaa zetu walioko ng'ambo wanakutana na hayo, na kwetu ujumbe kama huo huja kwa jina la paroko au sista ukiomba M-Pesa. Paroko anayo ofisi. Mpigie kwa namba unayoijua, au nenda.

Yesu anapowatuma wanafunzi wake kama kondoo kati ya mbwa mwitu, anawataka wawe na werevu wa nyoka pamoja na upole wa njiwa (Mt 10:16). Kwetu Wakatoliki werevu huo una jina, fadhila ya busara, na Mtakatifu Tomaso anaichambua katika sehemu nane (II-II, swali la 49). Sitazitaja zote. Kuna kumbukumbu, kwa mfano: ukikumbuka DECI, hutashangazwa na LBL. Kuna utayari wa kufundishwa, yaani kumuuliza kaka anayejua kompyuta kabla ya kubonyeza, na si baada ya kulia. Na kuna tahadhari, ambayo kwa simu zetu inakuja hivi: sitoi kiingilio ili nilipwe, simtajii mtu namba ya siri wala ile namba ya uthibitisho inayokuja kwa ujumbe mfupi, sipigi picha kitambulisho cha NIDA kwa ajili ya kadi ya dola 50, na nikiambiwa "zimebaki dakika tatu" naziacha dakika tatu zipite.

Na kama tayari? Kama umetuma fedha kwa simu, piga 100 kwa mtandao wako saa hiyohiyo, usisubiri jioni. Kama ulitoa nywila, ibadili kila mahali ulipoitumia. Hapa Tanzania, ujumbe wa kitapeli unatumwa kwenda 15040, na *106# itakuonyesha namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, ukikuta usiyoijua nenda dukani kwao ifutwe. Kama ulisambaza linki, rudi kwenye grupu lilelile uandike kwamba ile kitu ni ya kitapeli, ifuteni. Kama kuna mtu aliweka hela kwa sababu yako, zungumza naye ana kwa ana muone namna ya kumfidia, hata kidogo kidogo, na ulipeleke jambo hilo kwenye kitubio.

Maswali ya kujadiliana kwenye jumuiya: Je, kati ya vitu vya "bure" ulivyopokea kwenye simu wiki hii, vipi ni zawadi, vipi ni ujira na vipi ni chambo? Kijana aliyepata kadi kwa kujifanya mkazi wa nchi nyingine, na ameshaitumia, afanye nini sasa? Na kama kiongozi wenu ndiye anayesambaza linki, nani atamwambia, na kwa maneno gani?