Stika ya Zusha na hiyo p inayowanyima usingizi

Haya, wadogo zangu wa kampasi za Chiromo, Kabete na Kikuyu, msimu wa mitihani mmenijazia swali moja: "Dada, thamani ya p ni nini hasa? Na mbona tunaanza na dai ambalo hata hatuliamini?" Wekeni vikokotoo kando kwanza.

Bila shaka mmewahi kuona ndani ya matatu stika ya Zusha!, ile inayomwambia abiria asinyamaze dereva akiendesha vibaya. Chimbuko lake ni jaribio la James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown, lililoanza 2008. Walichukua matatu za masafa marefu, wakazigawa kwa bahati nasibu: zaidi ya elfu moja zikabandikwa stika, nyingine zikaachwa zilivyo. Kisha wakafuatilia madai ya bima. Matokeo waliyochapisha 2011 yalionyesha madai ya zenye stika yamepungua kwa nusu hadi thuluthi mbili.

Mwenye shaka atauliza: si huenda ikawa sadfa tu? Somo lenu lote limo katika swali hilo. Nadharia tete mnayoiandika H0 ndiyo sauti ya huyo mwenye shaka: stika ni karatasi tu, haizuii chochote. H1 inasema stika hupunguza ajali. Tunaanza na H0 kwa sababu ndiyo inayotupa namba ya kupigia hesabu. Kama stika haina kazi na makundi yanalingana, kila ajali ina nusu kwa nusu ya kuangukia upande wowote.

Tuchukue namba ndogo za kubuni. Ajali sita zimetokea, na zote ni za matatu zisizo na stika. Chini ya H0, uwezekano wake ni nusu ijizidishe mara sita, yaani 1/64, karibu 0.016. Hiyo ndiyo p. Iko chini ya 0.05, mpaka uliopewa umaarufu na Ronald Fisher katika kitabu chake cha 1925, kwa hiyo tunaikataa H0. (Mpaka huo ni mazoea tu, haukushuka na malaika.)

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo alama zinapopotea. Msiandike kwamba H0 ina uwezekano wa asilimia 1.6 kuwa kweli. Hatukupima hilo. Tumeichukulia H0 kuwa kweli, kisha tukauliza matokeo kama haya, au yanayoipinga zaidi, yangetokea mara ngapi. Ni maswali mawili tofauti kabisa, na hata watu wenye shahada kubwa huyachanganya.

Je, kama ajali tano kati ya sita zingekuwa za matatu zisizo na stika? Jumlisha njia sita za kupata tano na njia moja ya kupata sita: 7/64, karibu 0.109. Hapo huwezi kuikataa H0. Lakini usiandike "stika haifanyi kazi"! Andika kwamba ushahidi hautoshi. Ajali sita ni chache mno, na kushindwa kuikataa H0 ilhali ni ya uongo ndilo kosa la aina ya pili. La kwanza ni kuikataa ilhali ni ya kweli. Ili kuepuka kosa hilo la pili, watafiti walihitaji matatu nyingi hivyo.

Na wewe unayepanda matatu ya Kangemi kila asubuhi, usikimbilie kusema imethibitishwa kwako pia. Zilizopimwa ni za masafa marefu. Foleni ya Waiyaki Way ni dunia nyingine, na p, hata iwe ndogo namna gani, haikuvushi hadi huko.

La mwisho: amua mwelekeo wa H1 kabla ya kuona data, si baadaye. Kisha jaribu hii: ajali nane, saba za upande usio na stika. Ukipata 9/256, uko sawa. Ukipata 8/256, umesahau uwezekano wa zote nane kuwa za upande huo.