Kambi Ufukweni: Angalia Kwanza, Lala Baadaye

Likizo imefika, na wewe na wenzako mnakwenda kupiga kambi Bagamoyo. Poa! Lakini hema mtalisimamisha wapi?

1. Maji. Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvu, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupanda zaidi ya mita 3. Mchanga mkavu wa saa nne usiku unaweza kufunikwa saa kumi alfajiri, mkiwa usingizini! Tafuteni mstari wa mwani mkavu, mkae juu yake kabisa. Waulizeni wavuvi.

2. Mnazi. Kivuli chake kizuri, ila nazi ikidondoka haipigi hodi.

3. Mbu. Wa malaria huuma usiku. Epukeni madimbwi, bebeni chandarua chenye dawa.

4. Choo na maji safi. Hakuna? Basi hapo si pa kulala. Kuhara na kipindupindu havina likizo.

5. Watu. Awepo mtu mzima mnayemwamini. Ukiambiwa "njoo ulale hema letu" na hutaki, sema hapana. Hudaiwi maelezo.

Jadilini: Mmefika jua limeshazama. Mtaanza na lipi?