Aparei ya pH ikisema 6,4: tuamini ao tusiamini?



Katika msimu A uliopita tulifika na aparei ya kupima asidi ya udongo katika koperative moja ya Walungu. Hatutaficha chochote. Tulipima mashamba kumi na mawili, na yote yakatoa namba karibu moja: 6,3 mpaka 6,6. Tukawaambia watu kwamba asidi si shida yao, wasipoteze franka kwa chokaa, wapande maharagi na samadi tu. Maharagi yakaota vizuri, kisha yakaanza kuwa manjano na kubaki mafupi. Tulipong'oa mashina machache tukaona mizizi minene, mifupi, bila vinyweleo. Mizizi ya namna hiyo unaiona kwenye udongo wa asidi kali.

Mama mmoja wa komite akatukuta kwenye depo. Hakupiga kelele. Alichukua ndimu, akaikata, akaikamulia ndani ya kikombe, akasema: «Wekeni aparei yenu humu.» Tukaweka. Ikaandika 6,5.

Maji ya ndimu ni pH 2 na kitu. Kila mtu anajua ukali wake kwa ulimi. Aparei ilikuwa imekufa, lakini ilikuwa inaendelea kuandika namba bila haya. Na msimu ulikuwa umekwisha kuharibika.

Basi tuone pamoja aparei hii inafanya kazi namna gani, juu mukijua vile inapima, mutajua pia vile inadanganya.

pH ni namba inayoonyesha ukali wa asidi. 7 ni katikati. Chini ya 7 ni asidi. Angalisho: kushuka kutoka 6 mpaka 5 si kushuka kidogo, ni asidi mara 10 zaidi. Kwa udongo wetu, chini ya 5,5 aluminiyumu iliyofungwa ndani ya udongo inaanza kufunguka na kuingia katika maji yenye mizizi inakunywa. Ndiyo, ni ile ile ya sufuria, lakini katika sufuria haina neno. Kwenye ncha ya mzizi inaua. Maharagi yanaumia mbele. Muhogo unavumilia, na chai inapenda asidi, ndiyo maana shamba la chai zuri halikuambii kama maharagi yatakubali pale pale.

Ile aparei, kwa kweli, haipimi asidi. Inapima umeme. Kwenye mwisho wa kijiti chake kuna kichwa cha kioo chembamba sana. Asidi ya nje na maji yaliyo ndani ya kichwa vinapotofautiana, umeme kidogo unatokea kati ya pande mbili za kioo. Ni kidogo kabisa: kila hatua moja ya pH inatoa milivolti 59 hivi, kama joto ni digri 25. Pile moja ya tochi ina milivolti 1500, ni kusema mara 25 zaidi.

Tena udogo wa volti si shida kubwa. Shida kubwa ni kwamba umeme huo unapita ndani ya kioo, na kioo kinazuia umeme kwa nguvu, kwa omu milioni mingi, hata milioni mia na zaidi. Mukileta ile aparei ya fundi wa redio ya kupima volti, haitasoma kitu cha kweli: yenyewe inakunywa umeme kidogo ili ipime, na hapa hakuna wa kunywa. Ni kama kupima maji ya kisima kinachotoa tone moja kwa saa kwa kuchota na ndoo. Kwa hiyo ndani ya aparei ya pH kuna kipimo cha umeme cha pekee, kinachoangalia volti karibu bila kuchukua umeme wowote.

Kitu kimoja kilitufurahisha tulipokuwa masomoni. Aparei ya namna hii ilianza kwa sababu ya wakulima. Katika mwaka 1934, huko California, Marekani, mkemia wa koperative kubwa ya wakulima wa machungwa na ndimu alishindwa kupima vizuri asidi ya maji ya ndimu. Akamwendea rafiki yake Arnold Beckman, na huyu akatumia taa za redio za wakati ule kukuza umeme mdogo wa kichwa cha kioo. Mama wa Walungu hakujua hadithi hiyo, lakini alirudi kwenye ndimu yenyewe.

Sasa, umeme mdogo namna ile unapotea kwa njia ndogo pia. Kwetu njia ilikuwa ufa kwenye kioo, mwembamba kama unywele. Tulikuwa tunachoma kijiti moja kwa moja ndani ya udongo ili tufanye haraka, na jiwe moja likatosha. Kioo kikipasuka, pande mbili zinakutana, tofauti inakufa, na aparei inaandika namba karibu na 7 kwa kila kitu: udongo, ndimu, hata siki.

Kuna njia zingine. Mahali waya inaingia kwenye aparei, pakiwa na unyevu ao mafuta ya vidole, umeme unatoroka hapo. Wakati wa mvua mufunike kwa plastiki na musipaguse kwa mkono. Tena kichwa cha kioo musikifute kwa kitambaa. Munajua vile kitana cha plastiki kinavuta vipande vya karatasi ukishakisugua kwenye nywele? Kusugua kunazaa umeme, na kwa aparei hii umeme huo ni kelele kubwa. Namba itatembea-tembea dakika nyingi. Muoshe kwa maji distile, kisha muguse tu na karatasi laini ili inyonye tone. Na kioo kisikauke hata siku moja. Kinakaa ndani ya maji ya kukitunzia yaliyokuja nayo, yale ya chumvi ya potasiamu. Yakikosekana, maji ya kipimo ya pH 4 yanasaidia kwa muda, lakini si maji distile.

Neno moja juu ya kununua maji hayo. Kwenye garaje musiombe «maji ya batri» tu, juu wengine watawapa asidi ya batri. Museme «maji distile», na musome bido.

Kabla ya kupima shamba lolote, musawazishe aparei kwa maji mawili ya kipimo, ya 7 kisha ya 4. Mumimine kidogo ndani ya kikombe, na mukimaliza mumwage. Musirudishe ndani ya chupa, hata kama inauma kumwaga kitu cha bei. Kama aparei yenu iko na kifungo cha milivolti, muangalie tofauti kati ya 7 na 4. Inapaswa kuwa karibu 177. Kwetu sisi, chini ya 160 hatupimi tena siku hiyo. Tungalifanya hivyo Walungu, tungaliona tofauti karibu na sifuri asubuhi ya kwanza.

Udongo wenyewe muuchukue mahali kumi na tano hivi katika shamba, mkizunguka-zunguka, mpaka sentimita 20 chini, muuchanganye, muukaushe kivulini na kuuchekecha. Gramu 20 za udongo, mililita 50 za maji distile. Koroga kwa kijiko, hapana kwa kijiti cha aparei. Ngoja nusu saa, koroga tena, ndipo muingize kichwa polepole na mungoje namba isimame.

Kule Walungu tulirudi na kichwa kipya. Mashamba yale yale yalitoa 4,7 mpaka 5,1. Chokaa imewekwa katika tisa kati ya kumi na mawili. Matatu ya muhogo tuliyaacha. Kiasi cha chokaa hakitoki kwenye pH peke yake, udongo mzito unaomba zaidi kuliko wa mchanga, kwa hiyo mutuite kabla ya kununua. Katika kaye ya koperative sasa kuna mstari unaoandikwa kila asubuhi ya kupima, kabla ya jina la shamba la kwanza: namba ya maji ya 7, namba ya maji ya 4, na namba ya ndimu. Ule wa ndimu aliuongeza mama mwenyewe.