KUOTESHA MICHE YA NYANYA NA HOHO KATIKA VUMBI LA MAKUMBI
Kwa wakulima wa Mnazi na vijiji vilivyo chini ya Milima ya Usambara

Mkulima wa nyanya huku kwetu mara nyingi hupata hasara yake ya kwanza kitaluni, kabla hata jembe halijaingia shambani. Hununua pakiti ndogo ya mbegu chotara kwa fedha nyingi, huisia kwenye tuta la udongo ule ule wa mwaka jana na mwaka juzi, na baada ya wiki mbili nusu ya miche imelala chini. Ukiiangalia, shina limesinyaa penye usawa wa udongo kama uzi uliolowa maji. Ugonjwa huo ni kinyausi.

Mingine huonekana mizima mpaka ihamishiwe shambani, ndipo inyauke mchana kwa ghafula ikiwa bado ya kijani. Huo huenda ni mnyauko wa bakteria. Ukitaka kuhakikisha, kata kipande cha shina karibu na mizizi, ukishike kikining'inia ndani ya glasi ya maji safi, wala usiyatikise maji. Ukiona baada ya dakika chache nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka kutoka kwenye shina, basi ndio wenyewe. Usinunue dawa ya kunyunyiza, maana hakuna inayouponya. Ng'oa mche huo uuchome moto.

Magonjwa haya mawili, pamoja na minyoo fundo inayovimbisha mizizi katika ardhi ya joto kama yetu, hukaa udongoni. Kwa hiyo hapana budi kitalu kiepukane na udongo wa shamba. Wako wanaopanda mlimani kuchota udongo mweusi wa msitu wa Shagayu. Haifai. Msitu ule umehifadhiwa kwa sheria, na mto Umba unaanzia huko huko. Ukiuchimba msitu unaharibu maji utakayoyahitaji kiangazi. Badala yake tumia vumbi la makumbi ya nazi.

Vumbi hili ni unga wa rangi ya kahawia unaobaki makumbi yakishapondwa na usumba wake kutolewa kwa ajili ya kamba na magodoro. Ni jepesi, hushika maji mara nyingi zaidi ya uzito wake, na hata likilowa huacha nafasi ya hewa kwa mizizi. Haliozi upesi. Na likiwa halijagusana na udongo wa shamba, halina magonjwa ya shamba. Jina la kijiji chetu lisikudanganye: makumbi mengi hutoka pwani, upande wa Tanga, Pangani na Mkinga. Siku hizi vumbi huuzwa pia likiwa limeshindiliwa kama tofali. Tofali la kilo 5 likilowekwa hufura likajaza debe tatu au zaidi. Mwenye makumbi makavu nyumbani aweza kuyaponda kwenye kinu na kuchekecha unga wake. Kazi hiyo ni ya jasho, lakini haina gharama.

Chumvi iliyomo ndani ya vumbi

Yapo mambo mawili ya kujihadhari nayo, na la kwanza ndilo linaloua miche: vumbi la makumbi lina chumvi.

Mnazi wenyewe huweka potasi na chumvi nyingi ndani ya makumbi yake. Tena, pwani desturi ni kuyafukia makumbi kwenye matope au mchanga wa ufukweni kwa miezi kadhaa ili usumba ulainike, kama wafanyavyo akina mama wa pwani ya mashariki ya Unguja wanaosokota kamba. Maji ya bahari huingia mpaka ndani. Usumba ukishatolewa, chumvi hubaki katika vumbi. Mche mchanga ukipandwa humo, ncha za majani huungua, mizizi huwa mifupi na ya rangi ya kahawia, kisha mche hudumaa. Mkulima huja kwangu akasema, "Bwana Shamba, mbegu hizi ni mbovu." Mara nyingi mbegu haina kosa lolote.

Nataka nieleze sababu ya kila kazi, maana watu wa milima hii hawapendi amri tupu, na wana haki. Mpango wa Mlalo ulioanza mwaka 1946 uliwaamuru wazee wetu kuchimba matuta kwa nguvu, na katika miaka ya 1950 waliukataa. Basi, sababu ya kuosha mara mbili ni hii. Chumvi nyingine huelea tu ndani ya maji yaliyomo katika vumbi, na hiyo hutoka kwa maji matupu. Nyingine imeng'ang'ania chembe za vumbi, na hata ukiosha kutwa haitoki mpaka iletewe kitu cha kukaa mahali pake. Kitu hicho ni kalsiamu.

Kwa hiyo tia vumbi ndani ya gunia la katani au kiroba kilichotobolewa chini, ulimwagilie maji ya mfereji polepole mpaka yanayotoka chini yasiwe tena na rangi nzito ya chai. Usitumie maji ya kisima chenye ladha ya chumvi, utakuwa unajidanganya. Kisha, kwa kila debe tatu za vumbi, yeyusha gramu 100 za mbolea ya nitrati ya kalsiamu katika maji ya kutosha kulilowesha lote, uliache kwenye pipa usiku kucha. Asubuhi lichuje, ulisuuze tena kwa maji safi. Maji uliyochuja yasimwagwe mferejini wala karibu na kisima. Yapeleke kwenye majani ya mifugo.

Kabla ya kutia mbegu ya gharama, jaribu kwa maharage. Panda punje kumi ndani ya vumbi lililooshwa na nyingine kumi kwenye mchanga wa mtoni uliooshwa. Maharage huumizwa na chumvi upesi. Baada ya siku kumi na nne linganisha. Yale ya kwenye vumbi yakiwa na kingo za majani zilizoungua, rudia kuosha. Siku hizo si za kupotea, maana mboji nayo inahitaji muda, kama tutakavyoona.

Vumbi halina chakula

Jambo la pili ni kwamba vumbi halina naitrojeni ya kumlisha mche. Hata kidogo kilichopo vijidudu vinavyolivunja hukila kwanza. Changanya debe mbili za vumbi na debe moja ya mboji iliyoiva vizuri na kuchekechwa. Usitie majivu. Najua wengi hutia majivu kitaluni, na kwenye udongo wetu mwekundu yanasaidia, lakini vumbi la makumbi tayari lina potasi kupita kiasi.

Mboji yaweza kurudisha ugonjwa uliokuwa ukiukimbia. Iloweshe, itandaze unene wa sentimita 15 juu ya karatasi ya nailoni, uifunike kwa nailoni inayopitisha mwanga, si nyeusi, na kingo zake zifukiwe. Iache kwenye jua kali kwa wiki sita. Hapo Mnazi inawashinda Mlalo na Mtae, kwani huko ukungu huzuia joto lisipande vya kutosha.

Kusia na kutunza

Jaza trei au vikopo vya majani makavu ya mgomba. Tia mbegu moja kila tundu, kina cha nusu sentimita hivi, weka chini ya kichanja chenye kivuli chepesi. Trei zisigusane na ardhi. Zikikaa chini, kazi yote ya kuosha na kuanika imekuwa bure. Kwa joto letu nyanya huchomoza kwa siku tano hadi nane, hoho huchelewa zaidi.

Katika kumwagilia, macho hayafai. Uso wa vumbi hukauka na kuwa mweupe upesi, huku chini bado kumelowa. Anayeangalia uso hupiga maji tena na tena, na kinyausi humpata hata kwenye vumbi safi. Inua trei mkononi. Ikiwa nzito, iache. Ikiwa nyepesi, mwagilia asubuhi mpaka maji yachuruzike chini, ili chumvi isijikusanye.

Majani mawili ya kweli yakitokea, anza kulisha mara moja kwa wiki: kijiko kimoja cha chai cha CAN, kilichosawazishwa, katika lita 10 za maji. Acha tope lake litue, utumie maji ya juu. Mche wenye rangi ya kijani iliyoiva na shina nene hauhitaji zaidi. Ukiwa mrefu na mwembamba, punguza kivuli; kuongeza mbolea kutauzidishia udhaifu.

Nyanya huwa tayari kwa wiki nne hivi, hoho kwa sita au zaidi. Wiki ya mwisho ondoa kivuli kidogo kidogo na upunguze maji ili miche izoee jua. Hamisha jioni, mwagilia shimo kwanza, na funika donge lote la vumbi kwa udongo, kwa sababu likibaki wazi juu hunyonya unyevu kutoka mizizini na kuupoteza hewani. Lakini shamba lililonyausha nyanya, bilinganya, hoho au viazi mviringo msimu uliopita lisipewe miche hii hata ikiwa mizuri namna gani. Lipandwe mahindi kwa misimu kadhaa, magugu ya jamii ya mnavu yang'olewe, na miche ipelekwe kwingine.