MKE ALIYEFUKUZWA HULALA WAPI?

Mgeni apitaye Singida mjini, akatembea toka stendi ya mabasi hata sokoni, aweza kurudi kwao na kusema kwamba mkoa huu hauna familia zisizo na makao. Hakumwona mama aliyelala barazani pamoja na watoto wake. Lakini kwetu familia iliyokosa nyumba haikai njiani. Imejificha katika nyumba ya mtu mwingine. Mama mwenye watoto watatu amelala jikoni kwa kaka yake huko Ikungi. Mwingine amepokewa na jirani huko Kiomboi, mpaka hasira ya mume ipoe. Wa tatu amerudi kule kule alikopigwa, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kwenda. Hao ndio wasio na makao wa Singida, na kwa sababu hawaonekani, hapana awahesabuye.

Waliopigwa, angalau, walihesabiwa. Uchunguzi wa afya wa taifa uliofanywa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wa Tanzania Bara na Visiwani wenye umri wa miaka 15 hadi 49, 40 walikwisha kupigwa au kuumizwa mwilini tangu walipotimiza miaka 15. Wasomaji wapenzi, wengi wa wanawake hao ni watu tuketio nao benchi moja Jumapili.

Kwa nini basi mke aliyepigwa asirudi kwa baba yake? Hapa twafika penye kiini cha mambo, na yafaa tukiseme waziwazi. Baba alipokea ng'ombe. Ng'ombe hao hawamo tena zizini: wengine walitolewa mahari ya kijana wake, wengine waliuzwa wakati wa njaa au ugonjwa. Binti akirudi kwao, mume aweza kudai mifugo yake, naye mzee atawatoa wapi? Kwa hiyo binti hulala siku mbili, akapewa maji ya kuoga na chakula, kisha akaambiwa, “Rudi, mwanangu, kavumilie.” Watu husikia neno hilo wakadhani ni hekima ya wazee. Mara nyingi ni sauti ya zizi tupu.

Kibaya zaidi ni neno hilo linaposemwa kwa jina la Mungu. Wako Wakristu, na hata viongozi wa jumuiya, wamwambiao mama mwenye jeraha kwamba ndoa ni Sakramenti, hivyo msalaba wake ni kubaki. Kanisa halikufundisha hivyo. Sheria ya Kanisa iliyotangazwa mwaka 1983, katika kanuni ya 1153, yasema kwamba mmoja wa wenye ndoa akimletea mwenzake au watoto hatari kubwa ya mwili au ya roho, huyo aliyedhulumiwa ana haki ya kutengana naye, kwa amri ya Askofu. Na ikiwa kukawia kwaleta hatari, aweza kuondoka kwa uamuzi wake mwenyewe. Wala si jambo jipya. Mkusanyo wa sheria wa mwaka 1917 ulikwisha kulisema katika kanuni ya 1131, siku za babu zetu. Na Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake “Amoris Laetitia” wa mwaka 2016, alieleza kwamba pengine kutengana kwaweza kuwa wajibu, ili mnyonge na watoto waokolewe na ukatili.

Msomaji atauliza: Je, gazeti la Kikatoliki lafundisha kuvunja ndoa? La, hasha. Kifungo cha ndoa chadumu. Kuishi pamoja ndiko kunakosimamishwa. Hatari ikiisha kweli, maisha ya pamoja yarudishwe, ndivyo kanuni hiyo hiyo inavyotaka. Bali hatari haiishi kwa sababu mume ameomba radhi mbele ya wazee na kutoa mbuzi. Huisha mwenendo wake ukigeuka, na jambo hilo lataka muda na mashahidi.

Sheria ya nchi nayo haikunyamaza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, yasema wazi kwamba hapana mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Kifungu cha 59 chamkataza mwenye nyumba ya ndoa kuiuza, kuigawa au kuiweka rehani pasipo idhini ya mwenzake. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyochumwa. (Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu, kwa kuwa mahakama iliona alikwisha kuzitapanya fedha alizopewa na mumewe, lakini kanuni aliyoiacha yawafaa wengine hata leo.) Tukumbuke hayo wakati wa mavuno ya alizeti, mama aliyepanda na kupalilia tangu mvua za Desemba anapoona magunia yameuzwa, na fedha zimeshikwa na mtu mmoja.

Tujifunze pia kwa wenzetu. Mwaka 1999 wanawake sita walianzisha shirika huko Mwanza, wakaliita Kivulini. Walitoa ushauri na msaada wa sheria, lakini hawakungoja tu mama aje kwao na uso uliovimba. Waliwaendea majirani na viongozi wa mitaa, wakawauliza wao waliosikia kelele usiku walifanya nini. Huko Musoma, Masista wa Moyo Safi wa Maria wana kituo cha Jipe Moyo, kinachowapokea watoto na wasichana waliokimbia kipigo, ukeketaji au ndoa za utotoni. Na hapa hapa Singida shirika la ESTL lapiga vita ukeketaji na ukatili dhidi ya wanawake na watoto.

Mashirika hayo hayawezi kuwa katika kila kijiji. Jumuiya ndogondogo zimo. Jumuiya ijuayo nani ana mgonjwa na nani hakutoa mchango haiwezi kusema kwamba haikujua nani amefukuzwa usiku.

Basi mama akija, kwanza apelekwe penye matibabu, hasa akiwa katika hatari. Kesi ipelekwe Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na fomu ya PF3 ijazwe mapema, kwa maana jeraha likipona ushahidi hupungua. Atafutiwe msaidizi wa kisheria, ambaye tangu sheria ya mwaka 2017 atambulikana na Serikali na hutoa huduma bila malipo. Shamba likigombaniwa, lipo baraza la ardhi la kijiji lenye wajumbe saba, na watatu kati yao hawana budi kuwa wanawake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 haitambui mila imnyimayo mwanamke ardhi.

Lakini kabla ya hayo yote yuko mtoto anayesinzia, na usiku umeingia. Jumuiya ikubaliane mapema, siku ya amani, ni nyumba ya nani yenye chumba na mlango wenye komeo, nani atatoa unga wa juma moja, na nauli ya kwenda wilayani itatoka katika mfuko gani. Jambo hili lisitangazwe kanisani. Katekista amwendee mume akiwa na mwenzake, si peke yake, amweleze kwamba mkewe na watoto wako salama. Mahali walipo asitajiwe.